Barafu ya Kilimanjaro haijafika Kigoma

Asubuhi ile nilikuwa mwalo wa Kibirizi nikisubiri migebuka, na mama ninayenunua kwake alikuwa bado anapanga mzigo wa treni. Guta lilikuwa limemletea bonge la barafu refu, limefunikwa gunia na maranda, linadondosha maji njia nzima. Akalipasua kwa nondo, akatandika safu ya barafu ndani ya deli, juu yake safu ya samaki, kisha barafu tena. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Alimtazama yule mama kwa muda, halafu akanigeukia.

"Mwalimu, nikuulize. Wanasema barafu ya Kilimanjaro inayeyuka. Si ndiyo hiyo imetujazia ziwa?"

Akaelekeza kidole kwenye nguzo zilizosimama majini, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na vibanda na watu walianika dagaa.

Nilimjibu palepale kwamba hapana. Lakini neno moja halikumtosha, wala halikupaswa kumtosha. Ndani ya swali lake mna mlima, mna ziwa, mna joto, na watu wengi hapa Kigoma huvifunga hivyo vyote fundo moja. Nimekuwa nikilifungua fundo hilo darasani kwa miaka, na bado naona linastahili kufunguliwa polepole, kwa sababu uzi mmoja wa mle ndani kweli unatufikia hadi Kibirizi. Ila haupiti njia ya maji.

Tuanze na ramani. Kutoka Kigoma hadi Kilimanjaro, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 900. Maji ya mlima ule upande wa kusini huingia mto Pangani na kuishia Bahari ya Hindi. Yale ya upande wa Kenya nayo hukimbilia mashariki. Ziwa Tanganyika lina bonde lake. Hulishwa na mvua inayoanguka juu yake, na Malagarasi, na Ruzizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu, na vijito visivyohesabika vya milima ya pembeni. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie, unaoyapeleka maji hadi mto Kongo na mwishowe Atlantiki. Na hata hivyo maji mengi ya ziwa letu hayatoki kwa mto, huondoka kama mvuke, yakichukuliwa na jua na upepo. Kilichojaza ziwa ni mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 na kurudi tena miaka iliyofuata. Tone la Kilimanjaro halimo.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba barafu ya mlimani iliyo karibu zaidi nasi haiko hata Tanzania. Iko Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, karibu kilometa 600 kaskazini yetu. Mlima mrefu kuliko yote kule unaitwa Stanley, jina la yuleyule aliyemkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871. Baada ya kukutana, wawili hao walisafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, kuangalia kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Wakakuta unaingia. Maji ya barafu ya Rwenzori ndiyo yanayokwenda Nile, kupitia Semliki na Ziwa Albert. Hayo nayo hayaji kwetu.

Sasa barafu yenyewe. Kwa nini iwepo karibu na ikweta? Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, kwa wastani nyuzi 6 na nusu kwa kila kilometa. Uso wa ziwa letu uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la kawaida hapa ni kama nyuzi 25. Kilele kikuu cha Kilimanjaro, Kibo, kiko mita 5,895. Tofauti ni kilometa 5 na kidogo, yaani nyuzi 33 za kupungua. Toa 33 kwenye 25, unabaki na nyuzi 8 chini ya sifuri. Vipimo vilivyowekwa juu kule vinaonyesha wastani wa nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Huwa nawafanyisha wanafunzi hesabu hii ubaoni, na kila mwaka kuna mmoja anayenyamaza ghafla akigundua kwamba amepima baridi ya Kilimanjaro akiwa ameketi Kigoma.

Wazungu wa zamani hawakuifanya. Johannes Rebmann, mmisionari, aliuona weupe wa Kibo mwaka 1848. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Miaka ikapita watu wakibishana. Neno sahihi alikuwa nalo yule mwenyeji tangu siku ya kwanza.

Lakini baridi peke yake haitengenezi mto wa barafu. Lazima theluji ya msimu mmoja isiishe kabla ya theluji ya msimu unaofuata kuanguka juu yake. Theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa: mita moja ya ujazo huwa na kilo 100 au pungufu, wakati maji ya ujazo huohuo ni kilo 1,000. Ikirundikana, ya chini hubanwa na ya juu. Zile ncha nzuri za vipande vya theluji huvunjika, vinakuwa punje, punje zinasogeleana na kushikana. Mama wa Kibirizi anaijua hatua hii bila kuisoma popote. Vipande alivyovipasua jioni, asubuhi anavikuta vimegandana kuwa bonge hadi achukue nondo tena. Barafu ikigusana na barafu kwa muda huungana, hata bila kuyeyuka kwanza.

Punje zikizidi kubanwa, vijia vya hewa kati yake hufungwa kimoja baada ya kingine. Ikifika kilo 830 hivi kwa mita ya ujazo, hewa iliyobaki haina pa kutokea, imekwisha kufungiwa ndani kama viputo. Sasa ni barafu. Penye theluji nyingi na joto kidogo kazi hii huchukua miongo michache. Katikati ya Antaktika, penye ukame na baridi kali, huchukua mamia ya miaka, na mahali pengine maelfu. Nilimwonyesha mzee lile bonge: pembeni lilikuwa wazi kama kioo, katikati jeupe. Weupe ule pia ni hewa. Maji yaliganda kuanzia kwenye kuta za kalibu kuelekea ndani, yakaisukuma hewa mbele yake hadi ikakwama katikati. Hewa ya bonge la Kibirizi ni ya juzi. Ya ndani ya barafu ya Antaktika inaweza kuwa ya miaka laki kadhaa, na nitaihitaji mbele kidogo.

Kiswahili kimeunda neno la kitu hiki: barafuto, barafu na mto vikiwa vimeunganishwa. Nalipenda neno hili kwa sababu limebeba jambo ambalo watu huchelewa kuliamini, kwamba barafu hutiririka.

Ukiigonga barafu kwa nondo inapasuka, hilo kila mtu analijua. Ukiielemea kwa uzito mkubwa kwa muda mrefu, inajinyoosha. Chukua ndoo ya asali ya Tabora iliyoanza kuganda, uilaze kidogo kwa ubavu. Ukikaa kuitazama utaapa haisogei. Rudi baada ya saa nzima: uso umeinama, asali ya katikati imetangulia, ya pembeni imebaki nyuma imeshikilia ukuta wa ndoo. Barafu iliyorundikana kwenye mteremko hadi unene wa mita 30 au zaidi hufanya vivyo hivyo. Uzito wake wenyewe unaifanya iteleze ndani kwa ndani, punje juu ya punje. Tabaka la juu, ambalo halijaelemewa na kitu, hubaki gumu lisilopinda, kwa hiyo likivutwa na lile la chini linalotembea hupasuka na kuacha nyufa zinazoweza kummeza mtu. Na pale chini kabisa, barafu inapokutana na mwamba, mara nyingi kuna utando mwembamba wa maji, na mto mzima huteleza juu yake, ukikwangua mawe njiani na kuyasaga kuwa unga.

Katika miaka ya 1840 Louis Agassiz alichimbia vijiti juu ya barafuto moja huko Uswisi ili apime mwendo wake, na vile vya katikati vikawaacha nyuma vya pembeni, kama ile asali. Lakini kisa ambacho wanafunzi wangu hawakisahau ni cha Mont Blanc, Ufaransa. Agosti 1820 waongoza wageni watatu walisombwa na maporomoko ya theluji wakazikwa kwenye ufa wa barafu karibu na kilele. Mskoti mmoja, James Forbes, aliyekuwa amepima mwendo wa barafu ya milima ile, alikadiria kwamba ingechukua miaka 40 hivi kwa miili kutokea chini. Ilianza kutokea mwaka 1861, kwenye mguu wa barafuto ya Bossons. Waliokuwa vijana pamoja nao wakaja kuwatambua wakiwa wazee. Kila ninapokisimulia hiki kisa darasa huwa kimya.

Kasi hutofautiana sana. Barafuto nyingi za milimani husogea mita kadhaa au makumi ya mita kwa mwaka. Iko moja Greenland, Sermeq Kujalleq, ambayo mwaka 2012 ilipimwa ikienda kwa kasi ya kilometa 17 kwa mwaka, sawa na mita 46 kwa siku. Kwa upande mwingine, barafu ya Kilimanjaro karibu haisogei kabisa, maana imekaa juu ya kilele bapa na imekuwa nyembamba mno. Tutaona hilo lina maana gani.

Kabla ya hapo kuna kosa moja la kurekebisha. Magazeti yanapoandika kwamba barafuto "inarudi nyuma", msomaji huona picha ya barafu ikijivuta kupanda mlima. Haipandi. Fikiria msafara wa mchwa unatoka kichuguuni, na kuku amesimama mwisho wa msafara anadonoa. Kuku akidonoa polepole, msafara unarefuka. Akidonoa kwa kasi kuliko mchwa wanavyotoka, kichwa cha msafara kinakaribia kichuguu siku hadi siku, ingawa hakuna hata mchwa mmoja aliyegeuka. Barafu huteremka siku zote. Kinachorudi nyuma ni mahali inapoishia. Na kuku hapa ni joto.

Kwa hiyo barafuto ina daftari kama la duka. Kinachoingia ni theluji. Kinachotoka ni maji yanayoyeyuka, mvuke, na kama inaishia baharini au ziwani, mapande yanayomeguka na kuelea. Kwenye sehemu ya juu mapato huzidi, sehemu ya chini matumizi huzidi, na mtiririko ndio unaohamisha ziada ya juu kwenda kufidia hasara ya chini. Hewa ikipata joto, mpaka kati ya sehemu hizo mbili hupanda mlima. Eneo la faida linapungua, la hasara linaongezeka. Mpaka ukishapanda kupita kilele, barafuto imekufa hata kama bado inaonekana. Iliyobaki ni akiba inayoliwa.

Halafu kuna rangi. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoipiga. Barafu ya zamani, yenye vumbi na mawe, hurudisha 30 au 40 tu, nyingine yote inaimeza kama joto. Jaribu mwenyewe: weka vipande viwili vya barafu juani, kimoja ukinyunyizie unga wa mkaa. Ndiyo maana msimu mmoja wa theluji haba hugharimu barafuto mara mbili, kwanza kwa kukosa chakula, pili kwa kuvuliwa shuka jeupe.

Sasa twende Kilimanjaro, ambako mambo yamesukwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilichukua kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Asilimia 85 imeondoka ndani ya karne moja. Swali gumu ni hili: ikiwa hewa ya kileleni iko chini ya sifuri karibu wakati wote, barafu iliyeyukaje?

Sehemu ya jibu iko kwenye friji la nyumbani. Nyama isiyofungwa vizuri, ikikaa wiki kadhaa kwenye sehemu ya kugandisha, hukauka na kupauka pembeni. Vipande vya barafu vilivyosahaulika kwenye trei hupungua ingawa havijawahi kuyeyuka. Barafu inaweza kwenda moja kwa moja kuwa mvuke bila kupita kwenye maji, na kwenye hewa kavu ya juu ya Kibo, chini ya jua la ikweta, hilo hutokea kila siku. Ni njia ghali: kuigeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke huhitaji nishati karibu mara 8 na nusu ya ile ya kuiyeyusha tu. Kwa hiyo ingekuwa mvuke peke yake, barafu ingepungua taratibu. Lakini kingo za barafu ya Kibo zimesimama wima kama kuta za nyumba, na ukuta wa barafu ukipigwa na jua uso kwa uso huyeyuka hata kama hewa inayouzunguka ni ya baridi. Ukuta huo ukishasogea ndani hauwezi kurudi ulipokuwa, maana theluji haikai juu ya kitu kilichosimama wima. Na kwa kuwa barafu yenyewe karibu haitiririki, hakuna msafara wa mchwa wa kuja kuziba pengo. Kuku anadonoa, kichuguu kimefungwa.

Watafiti waliofanya kazi juu ya mlima huo kwa miaka mingi wanaeleza kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipoingia kipindi cha ukame kuliko kile kilichotangulia. Miaka hiyohiyo ziwa letu nalo lilishuka, ingawa huko sababu nyingine ilikuwa Lukuga kujifungulia njia. Theluji ilipopungua juu ya Kibo, barafu ikawa na rangi nyeusi zaidi, ikameza jua zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba barafu ya Kilimanjaro inayeyuka kama kipande cha barafu kwenye kikombe cha chai amerahisisha mno.

Lakini kuna wengine walioichukua habari hii wakaikimbiza mbali kupita kiasi, wakasema basi joto la dunia halihusiki. Hawa nao siwakubali. Mwaka 2000 kundi la Lonnie Thompson kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State lilitoboa barafu ile na kutoa nguzo, ndefu kuliko zote ikiwa ya mita 50 hivi. Thompson alikadiria barafu ya chini kabisa kuwa na miaka 11,700. Wapo wanasayansi wanaoona umri huo ni mkubwa mno, na mjadala wao una hoja pande zote. Lakini karibu na uso wa nguzo moja walikuta viputo virefu, alama ya barafu iliyoyeyuka na kuganda upya, na chini zaidi kwenye nguzo hawakuona vya namna hiyo. Tena mvua na theluji ya Kilimanjaro hutegemea Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapata joto. Zaidi ya yote, Kibo si peke yake. Ziko barafuto zaidi ya 200,000 duniani, penye mvua na penye ukame, kwenye ikweta na kwenye ncha, na karibu zote zinapungua kwa pamoja. Ukame wa mahali pamoja hauwezi kueleza hilo.

Rwenzori ni shahidi mzuri, kwa sababu kule hakuna ukame wa kusingizia. Ni milima yenye ukungu na mvua karibu mwaka mzima. Mwaka 1906 mjukuu wa mfalme wa Italia aitwaye Duke wa Abruzzi aliipanda na kuichora ramani, na milima 6 ilikuwa na barafu. Leo sehemu kubwa ya mabaki madogo yako Mlima Stanley. Mlima Kenya nao, barafuto yake iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko zote, Lewis, imebaki vipandevipande. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika zinatarajiwa kuwa zimekwisha kufikia 2050. Nina watoto shuleni ambao wakati huo watakuwa hawajafika umri wangu.

Watu huniuliza kama Moshi itakauka. Kwa jambo hili Kilimanjaro ni tofauti na milima ya Asia na Amerika ya Kusini. Mito ya Kilimanjaro hulishwa hasa na mvua inayoanguka kwenye ukanda wa msitu, si na barafu ya kileleni, ambayo ni kidogo mno. Anayetaka kuulinda mto Pangani alinde msitu. Kwenye Andes na Himalaya, kule barafuto ni ghala la maji ya kiangazi kwa mamilioni ya watu, na hapo hasara ni ya moja kwa moja: miaka ya kwanza maji huongezeka, kisha yanapungua na hayarudi.

Viputo nilivyoviahidi ndivyo vinavyotuambia joto limetoka wapi. Barafu ya Antaktika iliyochimbwa hadi kina cha zaidi ya kilometa 3 ina hewa ya miaka 800,000 iliyopita. Katika muda wote huo hewaukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 kwa kila milioni, ikishuka zama za barafu na kupanda zama za joto. Leo imezidi 420. Gesi hiyo, inayotoka hasa kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma, huzuia joto lisitoroke angani. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambapo wastani wa joto la dunia ulizidi kwa nyuzi 1.5 ule wa kabla ya viwanda.

Sasa kipimo nilichompa mzee kwa sababu analijua ziwa. Kati ya 2000 na 2023 barafuto za milimani, ukiacha zile mbili kubwa za Greenland na Antaktika, zilipoteza wastani wa tani bilioni 273 kila mwaka. Ukiyamwaga maji hayo juu ya Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 na zaidi, lingepanda zaidi ya mita 8 kwa mwaka. Nguzo zile alizonionyesha zisingeonekana hata ncha. Akaacha sindano. Akaniuliza maji hayo yote yako wapi basi.

Baharini. Barafu inayoelea tayari, ikiyeyuka, haiongezi kina, kama kipande kwenye glasi iliyojaa. Inayopandisha bahari ni ile iliyokuwa juu ya nchi kavu. Tangu 1900 bahari imepanda karibu sentimita 20, sehemu kwa maji ya barafu na sehemu kwa kuwa maji ya bahari yenyewe hutanuka yakipata joto. Greenland peke yake imebeba barafu ya kuipandisha mita 7 hivi, Antaktika mita 58. Hayo hayatokei kwa karne moja, lakini bahari imewahi kusogea hivyo kwa upande wa pili: miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara.

"Kwa hiyo sisi huku juu tumepona," mzee akasema.

Hapa ndipo uzi ule unapofika Kibirizi. Hewa inayoiharibu Kibo ndiyo iliyotanda juu ya ziwa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini samaki tunaowajua wanaishi juu juu, maana kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini oksijeni inaisha. Virutubisho vimelala huko chini. Maji ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini yana nyuzi 23 na kitu na ni mazito, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyatenga kama mafuta juu ya mchuzi. Kinachoyachanganya ni upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini, kati ya Mei na Septemba. Vijimea hupata chakula, vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanazidi kuwa mepesi, na upepo uleule unashindwa kuyapindua. Tafiti mbili za mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limepata joto na uzalishaji wake umeshuka, na utafiti wa 2010 uliosoma matabaka ya tope la chini ulikuta kwamba uso wa ziwa una joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Uvuvi wa kupita kiasi upo pia, na ndiyo sababu mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi 3 ili samaki wapumzike. Mwezi wa kupumzika unaweza kupangwa. Maji yasiyochanganyika hayafungwi wala hayafunguliwi na mtu.

Mzee alinyamaza, kisha akasema baba yake alikuwa akiijua siku ya upepo wa kusini kwa kutumbukiza mkono tu, maji yalikuwa yanauma. Siku hizi, akasema, hayaumi.

Yule mama alikuwa amemaliza. Akafunika deli, akalizungushia utepe wa gundi, vijana wawili wakalibeba. Pale lilipokuwa limekaa palibaki dimbwi, na maji yake yalianza kuchuruzika, yakakata mfereji mwembamba kwenye mchanga, yakapita kati ya miguu ya mzee hadi ziwani. Hayo ndiyo maji ya barafu pekee niliyowahi kuyaona yakiingia Tanganyika.